KIBALI CHA KUEGESHA GARI KWA MGENI WA CHUO KIKUU: MAELEZO KWA WANAOSAFIRI UINGEREZA NA MAREKANI

Watumishi wa Serikali wanaokwenda Uingereza kwa masomo mafupi, semina au ziara za kikazi, pamoja na wazee wanaokwenda kuhudhuria mahafali ya vijana wao, aghlabu hujitayarisha vyema kwa mambo makubwa: paspoti, viza, tikiti na nguo za baridi. Jambo moja dogo husahauliwa, nalo ni mahali pa kuiweka gari baada ya kufika chuoni. Mgeni hukodi gari uwanja wa ndege, huendesha kwa salama mpaka chuoni, huegesha penye nafasi tupu, hukamilisha shughuli yake na kurejea. Hakuna aliyemsimamisha, wala hakukuta karatasi yoyote iliyobandikwa kiooni. Wiki kadhaa baadaye, naye yuko nyumbani Unguja au Pemba, fedha hukatwa katika kadi yake ya benki au huletewa barua ya madai ambayo hajui hata imeanzia wapi. Maelezo haya yanakusudiwa kuonesha jinsi jambo hilo linavyotokea na namna linavyoepukwa kabla ya safari kuanza.

Ifahamike kwanza kwamba ardhi ya chuo kikuu huko Uingereza, hata ikiwa haina ukuta wala lango, kwa kawaida si mahali pa umma kwa maana ya barabara za mji. Ni milki ya chuo, na mwenye milki anayo haki ya kuweka masharti kwa kila anayeingiza gari humo. Masharti hayo huandikwa katika mabango yanayosimamishwa penye maingilio na ndani ya kila kiwanja cha magari. Mwenye kuegesha huhesabiwa kuwa ameyasoma na ameyaridhia, hata kama alipita mbio kwa kuchelewa. Kibali huitaja gari, kiwanja ambacho inaruhusiwa kuwekwa, siku yenyewe na muda wake. Nje ya mipaka hiyo hakina nguvu. Aliyepewa ruhusa ya kiwanja cha kaskazini akaegesha cha kusini yu sawa na asiyekuwa na ruhusa kabisa.

Zamani kibali kilikuwa karatasi au kadi yenye rangi maalum, ambayo mgeni aliipokea kwa mlinzi na kuiweka mbele ya usukani ionekane kwa nje. Utaratibu huo bado upo katika baadhi ya vyuo, lakini unazidi kutoweka. Sehemu nyingi sasa kibali hakishikiki mkononi: ni nambari ya gari iliyoingizwa katika kompyuta, na kamera zilizowekwa penye maingilio huisoma nambari ya kila gari inayoingia na kutoka, pamoja na saa na dakika. Gari ambayo nambari yake haimo katika orodha huandikiwa madai, na barua hupelekwa kwa mwenye gari anayetambuliwa katika daftari la Serikali. Ndiyo sababu mgeni hakumwona mtu. Kukosekana kwa mlinzi langoni, ambako kwetu huenda kukachukuliwa kuwa ni ukarimu, huko hakumaanishi lolote.

KWA NINI NAFASI ZINAGAIWA

Huenda msomaji akauliza kwa nini taasisi ya elimu ijishughulishe na jambo kama hili. Jawabu linaanza na kipimo cha ardhi. Nafasi moja ya gari nchini Uingereza kwa kawaida ina upana wa mita 2.4 na urefu wa mita 4.8, yaani mita za mraba 11 na nusu. Ukiongeza njia ya kuingilia na kugeuzia, eneo hilo hufikia takriban maradufu. Kwa maneno mengine, kila gari inachukua ardhi iliyo sawa na chumba kizuri cha kulala pamoja na ukumbi wake, na chumba hicho hukaa na mtu mmoja aliyekuja darasani kwa saa mbili. Chuo chenye maelfu ya wanafunzi na wafanyakazi hakiwezi kumpa kila mmoja chumba cha aina hiyo na bado kikabaki na mahali pa kujenga maktaba.

Ugomvi huu ni wa zamani. Clark Kerr, aliyekuwa Rais wa Chuo Kikuu cha California tangu 1958 hadi 1967, alitania katika mihadhara yake ya mwaka 1963 huko Harvard kwamba kinachowaunganisha walimu wa chuo kikuu ni lalamiko lao la pamoja juu ya maegesho. Katika kampasi ya Berkeley ya chuo hicho hicho zipo nafasi zilizoandikwa herufi NL, ambazo wametengewa washindi wa Tuzo ya Nobel. Na wanaoifahamu Berkeley husema kwamba baadhi ya walimu wanaitamani nafasi hiyo kuliko medali. Hata ile mashine ya kulipia maegesho iliyoenea duniani ina nasaba ya chuo. Carl Magee wa Oklahoma City alipotaka kuuondolea mji wake msongamano, waliomtengenezea mashine hiyo walikuwa Holger Thuesen na Gerald Hale wa Chuo cha Kilimo na Ufundi cha Oklahoma, ambacho tangu 1957 kinaitwa Oklahoma State University. Mashine ya kwanza iliwekwa barabarani mwezi wa Julai 1935, na ada yake ilikuwa senti 5 za Marekani kwa saa.

Aliyelichunguza suala hili kwa undani zaidi ni Profesa Donald Shoup wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliyefariki mwaka 2025. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 2005 alieleza uchunguzi uliofanywa Westwood Village, mtaa wa maduka ulio jirani na chuo chake. Madereva walikuwa wakizunguka kwa wastani wa dakika 3.3 kutafuta nafasi. Dakika tatu si kitu kwa mtu mmoja. Lakini zilipojumlishwa kwa magari yote ya mwaka mzima, katika mtaa usiozidi vipande 15, masafa hayo yalifikia maili 950,000, sawa na kuizunguka dunia mara 38. Mapendekezo yake yalikuwa kwamba bei ya maegesho ipangwe ili takriban asilimia 85 ya nafasi ziwe na magari na zilizobaki ziwe tupu, anayefika apate pa kusimama bila ya kuzunguka. Aliyewahi kutafuta pa kuegesha Darajani siku ya kuamkia Sikukuu hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Mgeni ndiye anayeumia zaidi katika mfumo huu, na si kwa sababu anachukiwa. Mwanafunzi na mfanyakazi wanaijua kampasi. Wanajua kiwanja kipi hujaa saa 3 asubuhi na kipi hufunguliwa kwa wote baada ya saa za kazi. Mgeni anakuja mara moja, amechelewa, hajui jina la jengo, na bango ameliona akiwa tayari amelipita.

MWENYEJI NDIYE MWOMBAJI

Jambo ambalo wageni wengi kutoka kwetu hawalitambui ni kwamba, katika vyuo vingi, kibali cha mgeni hakiombwi na mgeni. Huombwa na idara iliyomwalika. Karani wa idara ndiye mwenye njia ya kuingia katika mfumo wa chuo, ndiye anayejua ni kiwanja gani kimetengewa wageni siku hiyo, na mara nyingine ada hutolewa katika fungu la idara yake. Mgeni anayefika mapokezi na kuomba kibali papo hapo huenda akasaidiwa, lakini pia huenda akaambiwa kwamba nafasi za siku hiyo zimekwisha tangu wiki iliyopita.

Hapa pana tofauti ya adabu ambayo inafaa kuelezwa waziwazi. Kwa desturi zetu mgeni hamsumbui mwenyeji wake kwa mambo madogo. Huona haya kuuliza pa kuweka gari, akaona atajitegemea. Mwenyeji wa huko naye hakusudii kumtupa mgeni. Hudhania tu kwamba asiyetaja gari anakuja kwa treni. Basi kila mmoja hunyamaza kwa heshima, na matokeo ya heshima hiyo ni barua ya madai. Kuuliza mapema si utovu wa adabu. Kwa mwenyeji ni sehemu ya matayarisho, kama vile kuuliza mgeni anakula nini.

Lipo pia tatizo la gari ya kukodi, ambalo ndilo chanzo cha makosa mengi. Kibali kinafuata nambari ya gari, ilhali anayekodi gari haijui nambari hiyo mpaka akabidhiwe ufunguo. Idara humuombea kibali wiki moja kabla na kuacha pengo la nambari, au huandika nambari ya gari iliyotajwa katika nafasi aliyoiweka, kisha kampuni humpa gari nyengine. Mgeni huondoka uwanja wa ndege akiamini kwamba mambo yake yamekamilika, na kwa hakika kibali chake kipo, lakini ni cha gari ambayo haipo. Dawa yake ni simu moja au ujumbe mmoja kwa karani wa idara kabla ya kuondoka kwenye kiwanja cha kampuni ya kukodisha, kumtajia nambari iliyopo kwenye gari yenyewe, si ile iliyopo kwenye karatasi. Gari ikiharibika njiani na kubadilishwa, ujumbe huo urejewe.

Nambari yenyewe inahitaji uangalifu. Nambari za magari yaliyosajiliwa Uingereza tangu Septemba 2001 huwa na herufi mbili, tarakimu mbili, kisha herufi tatu. Herufi O na sifuri zinafanana mno katika kibao. Ni vyema kukumbuka kwamba alama ya tatu na ya nne daima ni tarakimu. Kwa hiyo duara likionekana hapo ni sifuri, na likionekana mahali pengine ni herufi. Mgeni anayeingiza nambari mwenyewe kwenye mashine ya mapokezi na kukosea alama moja, kompyuta humhesabu kuwa hakujiandikisha.

Wazee wanaompeleka kijana bwenini mwanzoni mwa mwaka wa masomo wana utaratibu wao. Vyuo vingi hugawa zamu za kuteremsha mizigo, kila familia na saa yake, na gari hutakiwa iondoke mara mizigo ikishashushwa. Zamu hiyo huarifiwa kwa mwanafunzi, si kwa mzee, na vijana kama ijulikanavyo si wepesi wa kusoma barua. Siku za mahafali mambo huwa magumu zaidi, kwani viwanja vya kawaida hufungwa kwa ajili ya shughuli. Aidha, pale chuo kinapopakana na hospitali ya mafunzo, kiwanja cha hospitali ni cha hospitali: kibali cha chuo hakifai huko, na aliyekwenda kumtazama mgonjwa baada ya semina huhitaji kulipa upya.

Kuhusu watu wenye ulemavu, Uingereza hutumia beji ya buluu iliyochukua nafasi ya ile ya rangi ya chungwa iliyoanza mwaka 1971. Beji hiyo imewekwa hasa kwa ajili ya maegesho ya barabarani. Ndani ya milki binafsi haki zake hutegemea masharti ya mwenye milki. Hata hivyo Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inakilazimisha chuo kuchukua hatua za kiasi ili mtu mwenye ulemavu asizuiliwe kufika. Mgeni wetu mwenye shida ya kutembea, ambaye hana beji hiyo, amweleze mwenyeji hali yake mapema ili atengewe nafasi karibu na mlango. Hakuna haja ya kulionea haya jambo hilo.

MADAI YAKITOLEWA

Si kila karatasi ya madai ni faini. Karatasi ya halmashauri ya mji, kwa kosa la barabarani, ni adhabu ya kisheria. Karatasi ya kampuni inayosimamia kiwanja cha chuo ni madai ya kuvunja mkataba, yaani yale masharti ya bangoni. Wapo wanaoshauriana kwamba madai ya aina hii ya pili hayana nguvu na yatupwe. Ushauri huo umepitwa na wakati. Tarehe 4 Novemba 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya dereva aliyezidisha dakika 56 katika kiwanja cha maduka huko Chelmsford, ambako saa mbili za kwanza zilikuwa bure, akadaiwa paundi 85. Mahakama ilisema kwamba kiasi hicho si cha dhuluma na kwamba kinalipwa, kwa kuwa mwenye kiwanja ana maslahi halali ya kuhakikisha nafasi zinapishana.

Kufunga gurudumu la gari kwa chuma, ambako wasomaji wa makamo watakukumbuka, kumekwisha. Skotlandi kulisimamishwa na uamuzi wa mahakama wa mwaka 1992, na katika Uingereza yenyewe na Wales kulipigwa marufuku katika milki binafsi kuanzia tarehe 1 Oktoba 2012, kwa Sheria ya Kulinda Uhuru ya mwaka huo. Lakini sheria hiyo hiyo iliwapa wenye viwanja njia nyengine: kumdai mwenye gari hata kama dereva hajulikani, almuradi pale ambapo hapakuachwa karatasi kwenye gari, barua imfikie ndani ya siku 14. Kwa gari ya kukodi, kampuni inaruhusiwa kutoa jina na anuani ya aliyekodi pamoja na nakala ya mkataba, na madai yakamwandama yeye. Kampuni nyingi hutoza pia ada yao wenyewe kwa kazi hiyo ya kuandika, na ada hiyo ndiyo inayoonekana kwanza kwenye kadi ya benki. Wengi huidhania kuwa ndiyo madai yenyewe, wakanyamaza, na madai yenyewe yakaendelea kukua.

Anayepokea barua asiitupe wala asiharakie kulipa. Kampuni zilizomo katika jumuiya za kazi hiyo hutakiwa kupunguza angalau asilimia 40 kwa anayelipa ndani ya siku 14. Kwa hiyo tarehe iliyoandikwa juu ya barua ina thamani ya fedha. Ikiwa kibali kilikuwepo ila nambari ilikosewa, mwenyeji aombwe kuandika kwamba mgeni alikuwa amealikwa siku hiyo, na barua yake iambatanishwe na pingamizi. Mara nyingi hilo hutosha, hasa kwa kuwa chuo ndicho kilichoiajiri kampuni. Pingamizi likikataliwa, kipo chombo huru cha rufaa, nacho pia kina muda wake, ambao kwa kawaida ni siku 28. Posta ya kuja Visiwani huenda ikala sehemu kubwa ya siku hizo.

MIJI ISIYOPENDA MAGARI

Upo uwezekano kwamba jawabu la mwenyeji litakuwa: usije na gari. Jawabu hilo lichukuliwe kwa uzito. Cambridge, mwanafunzi anayeishi ndani ya maili 10 kutoka kanisa la Great St Mary's hahitaji tu nafasi, bali huhitaji leseni ya chuo ili aweke gari. Oxford ilianzisha kiwanja cha kudumu cha kuacha gari nje ya mji na kuingia kwa basi huko Redbridge mwaka 1973, na mgeni wa leo bado ananufaika zaidi na mabasi hayo kuliko na kibali chochote. Nottingham, tangu Aprili 2012, halmashauri hutoza ushuru kwa waajiri wenye nafasi 11 au zaidi za magari ya wafanyakazi, na fedha zake zimesaidia kujenga reli ya tramu ambayo tangu 2015 hupita mlangoni mwa chuo kikuu. Wanaokwenda kusoma hati za Kiswahili zilizohifadhiwa SOAS, London, waelewe kwamba chuo hicho kimo ndani ya eneo la katikati ya mji ambalo tangu Februari 2003 gari hulipiwa kwa kuingia tu, kabla hata ya kufikiria kuegesha.

Kwa wanaokwenda Marekani mfumo hauko mbali na huu, isipokuwa mambo mawili. La kwanza, kibali huko huwa cha eneo zima wala si cha nafasi, na mwenye kibali halali anaweza kuzunguka asipate pa kusimama, fedha hazirudishwi. La pili, baadhi ya majimbo, Florida ikiwa mojawapo, gari haina kibao cha nambari mbele. Kwa kuwa kamera hupita njiani na kusoma vibao, kampasi nyingi hukataza gari kuingizwa kinyumenyume. Dereva wetu aliyezoea kurudi nyuma ili atoke kwa urahisi huandikiwa madai hata kama amelipa.

Watumishi wanaoalikwa katika vyuo hivyo wanashauriwa waongeze mstari mmoja katika barua ya kukubali mwaliko: kwamba watafika kwa gari ya kukodi, siku na saa watakayofika na kuondoka, kama wana shida ya kutembea, na kwamba nambari ya gari wataituma siku hiyo hiyo watakapoipokea. Waombe nao kutajiwa jina la kiwanja, jina la karani, na simu inayopokelewa kabla ya saa 3 asubuhi. Jawabu lichapishwe katika karatasi na liwekwe pamoja na mkataba wa gari, na vyote viwili vihifadhiwe kwa muda usiopungua miezi sita baada ya kurejea nyumbani.